Dopla imesoma 3.4: ni kweli damu haiendi kwenye kizazi changu?

BintFuoni (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau. Miaka nasoma tu humu kimya kimya, leo yamenifika shingoni naandika.

Nina miaka 34, ndoa ya miaka tisa, mirija yote miwili imeziba. Mwaka jana tulivuka Dar, nikatolewa mayai, tukapata viinitete vinne, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara. Kimoja wakakirudisha palepale, hakikushika. Vitatu vimegandishwa, na sasa nimo safarini kurudishiwa kimoja.

Wiki mbili nyuma nilichomwa sindano ya kuyazima mayai. Juzi nikapanda boti ya asubuhi kwenda kupimwa. Daktari wangu hakuwepo, akanipima mwengine. Katikati ya kipimo akabonyeza kitu, ndiyo hiyo dopla ya kupima mwendo wa damu, mashine ikaanza kulia shwaa... shwaa... kama mtu anafagia uwanja wa mchanga. Akaandika kwenye karatasi: PI kulia 3.4, kushoto 3.1, utando wa ndani ya kizazi milimita 3. Halafu akasema, hata kunitazama hakunitazama, "mzunguko wako wa damu kwenye kizazi ni mbovu." Akaniandikia aspirini na vidonge vya buluu vya kuweka chini.

Kufika duka la dawa, kijana kasoma karatasi, kacheka, kaniuliza, "Hizi za mzee?" Wallahi nilitamani sakafu ipasuke. Ndo nikajua ni zile dawa za nguvu za kiume.

Nyumbani nako mkwe kasikia neno "damu" tu, keshaniletea jagi la juisi ya viazi vyekundu (bitiruti) na bibi wa kukanda tumbo anakuja Ijumaa. Vidonge vya homoni vya kuotesha utando nnatakiwa nianze kesho. Nianze? Niache? Hiyo 3.4 ndo mwisho wangu?

Kijaluba

Pole shoga yangu. Mungu akufungulie. Sijui kitu kuhusu dopla lakini naweka mkeka hapa nisome.

TibaBaridi

Dada hicho kizazi kina BARIDI. Damu imeganda ndani haipiti. Nina dawa ya mafusho na ya kunywa, siku 21 kizazi kinapata moto, wengi wamepata watoto. Njoo inbox, natuma hadi Pemba.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

TibaBaridi mwanangu, mie nna miaka 61, mafusho nimeyakalia mpaka nikaungua mapaja na sikuzaa. Niliyemzaa nilimzaa mwaka nilioacha. Damu ikiganda ndani ya mtu huyo anapelekwa hospitali mbio, hapelekwi inbox.

Zamu_ya_Usiku

BintFuoni dada yangu, kabla watu hawajakuchanganya: ulipimwa kabla hujaanza vidonge vya estrojeni, au baada?

BintFuoni

Kabla. Vidonge ndo naanza kesho. Kwani?

Zamu_ya_Usiku

Basi kaa vizuri, nitaandika kirefu maana hapa ndipo penyewe. Mie kazi yangu ni altrasaundi, si daktari wa uzazi, lakini mishipa hii naitazama kila siku.

Kizazi kinapata damu kwa ateri mbili, moja kulia moja kushoto, zinatoka kwenye mshipa mkubwa wa nyonga. Zikifika kizazini zinagawika, zinakizunguka kama mikanda, kisha zinatoboa kuingia ndani, na mwisho kabisa, karibu na utando kiinitete kinapojishikiza, zinabaki vijishipa vyembamba vilivyojisokota. Umeshaona vile vikono vya mboga ya maboga vinavyojikunja kushika uzio? Ndivyo vilivyo. Na vijishipa hivyo vinasikiliza homoni kuliko karibu mshipa wowote mwengine mwilini.

Sasa ile namba. Watu wanadhani PI ni kiasi cha damu. Siyo. Mashine haikupima damu ngapi imeingia, imepima mwendo wa damu unavyobadilika kati ya pigo moja la moyo na jengine. Moyo ukisukuma, damu inakimbia. Moyo ukipumzika, inapunguza mwendo, na hapo ndipo pa kutazama: inaendelea kutiririka, au inakaribia kusimama? Chukua mpira wa mfereji, uufungulie. Mwisho wa mpira ukiwa wazi, maji yanakwenda hata presha ikishuka. Ukiubana kwa kidole, presha ikishuka kidogo tu maji yanakatika. PI inakwambia mwisho wa mpira umebanwa kiasi gani.

Hesabu yenyewe: mwendo wa juu, toa mwendo wa chini, gawa kwa wastani. Tuseme juu ni sentimita 60 kwa sekunde, chini 6, wastani 18. Hamsini na nne kwa kumi na nane, unapata 3. Mishipa hiyohiyo ikilegea, juu ikabaki 60, chini ikapanda 15, wastani 25, namba inashuka mpaka 1.8. Moyo ni uleule, mwanamke ni yuleyule. Kilichobadilika ni kule mbele.

Na kinacholegeza kule mbele ni estrojeni. Inaufanya ukuta wa ndani wa mshipa utoe hewa kidogo iitwayo nitriki oksidi, msuli unaouzunguka mshipa unaachia, njia inapanuka. Estrojeni ikiwa chini, msuli unabana. Iko chini lini? Mwanzoni mwa mwezi wakati wa hedhi, kwa aliyekoma hedhi, na kwa mtu aliyechomwa sindano ya kuzima mayai. Yaani wewe, juzi.

Mwaka 1991 kuna watafiti walilipima hili kwa wanawake ambao mifuko yao ya mayai haifanyi kazi kabisa, yaani hawana homoni zao wenyewe. Kabla ya dawa mishipa ilikuwa imebana. Walipopewa estrojeni, PI ikaporomoka. Ndiyo maana nimekuuliza kabla au baada. Wewe umepimwa mfereji wakati koki kubwa imefungwa, halafu ukaambiwa bomba lako bovu. Na ule utando wa milimita 3 siku hiyo ndio unaotakiwa. Kama ungekuwa 9 ndo ningeshangaa.

Kwa maoni yangu vidonge vya kesho anza kama ulivyopangiwa, hivyo ndivyo vyenye kufungua koki. Aspirini na vya buluu mpigie daktari WAKO kabla hujagusa.

Kijaluba

Eeeh! Mkeka wangu ulikuwa na maana.

Mkwajuni_Boy

Mie mume wa mtu, nimesoma yote. Swali: hiyo 3 kama mpaka inatoka wapi? Maana mke wangu naye aliambiwa "ikizidi tatu hakuna mimba", akalia wiki nzima.

Zamu_ya_Usiku

Kaka, inatoka kwenye utafiti wa Uingereza wa 1992. Waliwapima wanawake dopla siku ileile ya kurudishiwa kiinitete, na waliozidi 3 hakuna aliyeshika mimba. Namba ikasafiri dunia nzima. Tafiti zilizofuata zikaonyesha wanawake wanaozidi 3 na wanazaa, na wenye 2 wanakosa. Siku hizi vituo vingi havipimi kabisa, kwa sababu jibu lake halibadilishi wanachofanya.

Halafu angalia, hata utafiti wenyewe ulipima siku ya kurudishiwa, siyo siku ya kuanza. Namba imebebwa na siku yake imeachwa bandarini.

TibaBaridi

Hawa wa hospitali kazi yao kutisha watu na kuuza sindano.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Na wewe unauza nini, halua?

MpembaWaWete

Naomba nichangie la kwangu maana limenikumba. Mie niko Wete. Niliambiwa mayai hayapevuki, nikapewa klomifeni mwezi mmoja. Ikaisha, sikurudi kwa daktari, nikawa nanunua mwenyewe duka la dawa. Miezi sita mfululizo. Nilipokuja Unguja kupimwa, yai lipo, kubwa, zuri, lakini utando milimita 5 katikati ya mwezi. Dada aliyenipima akaniuliza, "unakula nini?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa.

Alinieleza kuwa dawa ile inaziba milango ambayo estrojeni inapitia. Ubongo unadhani estrojeni imekwisha, unasukuma mayai, hiyo ndo faida. Lakini kizazi nacho milango yake inazibwa hivyohivyo, kwa hiyo estrojeni ipo kwenye damu na kizazi hakiisikii. Nikabadilishiwa letrozo, ambayo inapunguza utengenezaji wa estrojeni siku chache kisha inatoka mwilini upesi, kizazi kinabaki na masikio yake. Mwezi wa pili utando ukafika 8. Sijapata mimba bado, lakini angalau sijigharimu bure.

Wanawake wenzangu wa Pemba, hizi dawa zinauzwa kama peremende. Tusijipe wenyewe.

BintFuoni

Shukran MpembaWaWete, na Zamu Mungu akuzidishie. Nilipiga simu. Daktari wangu kasema yaleyale: anza estrojeni, miligramu 2 mara tatu kwa siku, vya buluu achana navyo. Aspirini akauliza kama nina presha au niliwahi kuganda damu, nikasema hapana, akasema basi haina kazi kwangu sasa. Nimebaki na paketi ya dawa za kizee ndani ya mkoba, mume wangu ananichekea.

Zamu, lakini kama inalegeza mishipa, kwa nini isisaidie? Kiakili inaingia.

Zamu_ya_Usiku

Inaingia akilini kweli, ndiyo maana inaandikwa. Ile dawa inafanya kazi ya nitriki oksidi, ileile ninayosema ya estrojeni, idumu muda mrefu zaidi. Wapo walioijaribu kwa wanawake wenye utando mwembamba sugu, tafiti ndogo ndogo, wengine waliona utando unaongezeka. Kwamba watoto wanaongezeka, ushahidi haujatosha kumpa kila mtu. Na mwenye kutumia dawa za moyo za aina ya nitrati akichanganya, presha inaanguka, anaweza kufa. Si kitu cha kuazimana.

Aspirini ndogo hivyohivyo. Imejaribiwa sana kwa wanaopandikizwa viinitete, na kumpa kila mtu hakukuongeza uzazi. Isichanganywe na aspirini anayopewa mjamzito aliye hatarini kupata presha ya mimba, kuanzia kama wiki ya 12. Ile ni kazi nyengine na inafanya kazi.

Na bibi wa kukanda, mwambie mkwe kwa adabu asubiri. Kwako hivi sasa mifuko ya mayai imelala, labda hatari si kubwa. Ila aliyechomwa sindano za kukuza mayai, mifuko inavimba kama machungwa, na mfuko mzito unaweza kujisokota kwenye shina lake. Hapo kumkanda mtu tumbo ni kumtafutia upasuaji usiku wa manane.

Juisi kunywa, tamu.

Kijaluba

Hapo kwenye kuvimba: dada yangu alitolewa mayai, siku ya nne tumbo likajaa maji, pumzi ikawa fupi, akalazwa. Hiyo nayo ni homoni na mishipa?

Zamu_ya_Usiku

Ndiyo, lakini upande mwengine. Sindano ya kupevusha mayai inaifanya mifuko iliyovimba imwage kemikali inayofanya mishipa ivuje, maji yanatoka ndani ya damu yanaingia tumboni. Damu inabaki nzito. Akiona pumzi fupi au mkojo umepungua, asisubiri asubuhi. Tusitoke kwenye mada ya mleta uzi.

Mkwajuni_Boy

Na projesteroni? Mke wangu alikuwa akiziita "mishumaa". Zinayeyuka hata kwenye droo.

Zamu_ya_Usiku

Hahaha, mishumaa khasa. Nahifadhi ya kwangu mwenyewe (ndiyo, na mie nimepita huko) kwenye kijaluba cha plastiki ndani ya friji, umeme ukikatika naweka kwenye chupa ya chai yenye barafu. Someni karatasi ya ndani, kila aina ina joto lake la kuhifadhia.

Projesteroni kazi yake si kufungua koki. Utafiti ule wa 1991 walipoiongeza juu ya estrojeni, PI haikwenda popote. Yenyewe inautuliza utando, inaunyevusha, inavifanya vile vijishipa virefuke na kujisokota zaidi tayari kwa mgeni, na inautuliza msuli wa kizazi usikunjekunje. Ikiwekwa chini inafika kizazini nyingi kuliko inavyoonekana kwenye damu ya mkono, kwa hiyo ukipimwa damu ikasoma ndogo usikimbilie kulia, muulize daktari wako.

Lakini kitisho chake kinaonekana ikiondoka. Mwaka 1940 kuna mtafiti Mmarekani, Markee, alichukua vipande vya utando wa kizazi cha kima akavipandikiza ndani ya jicho la kima huyohuyo, mbele, pale pa wazi. Kisha akawa anatazama kupitia kioo cha jicho, siku kwa siku, utando unaota, homoni zinashuka, vijishipa vinajikunja, vinajikunja zaidi, vinabana. Saa 4 mpaka 24 baadaye ndo damu ikatoka. Yaani hedhi inaanza kwa damu KUZUIWA, si kwa damu kufunguliwa. Huwa nawaza huyo kima maskini, lakini mpaka leo tunasoma alichokiona.

Ndiyo maana mtu akiniambia "nimesahau mishumaa siku mbili, sidhani kama ina neno", moyo unanidunda. Mwenye mzunguko wa dawa hana projesteroni yake. Akiacha, vijishipa vinafanya kilekile alichokiona Markee.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Subhanallah. Ndani ya jicho.

Kijaluba

Na Ramadhani je? Mishumaa na saumu?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Kwa sisi wa Shafii kitu kikiingizwa kule saumu imevunjika, mwanangu, na mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa. Wasiojua wanang'ang'ania saumu wanaacha dawa. Muulize ustadhi wako, na mipango kama hii, ukiweza, ipangie baada ya Idi.

BintFuoni (mrejesho)

Wadau, samahani kwa kimya. Mrejesho.

Siku ya 12 ya vidonge nilivuka tena. Nikamwomba mwenyewe daktari wangu apime ile dopla, si kwa sababu inahitajika, ni roho yangu tu. Akacheka, akapima. Sauti ilikuwa nyengine! Mwanzo ilikuwa shwaa, kimya, shwaa, kimya. Safari hii kile kimya hakipo, inavuma moja kwa moja kama bahari usiku. Kulia 2.1, kushoto 2.0. Utando milimita 8.3, na kwenye picha una mistari mitatu, ndivyo unavyotakiwa. Kizazi kilekile, wiki mbili tu, vidonge vya estrojeni basi. Nilimwonyesha mkwe karatasi zote mbili, akazigeuzageuza, akasema, "kumbe."

Nikaanza mishumaa ya miligramu 400 asubuhi na usiku, siku ya sita wakanirudishia kimoja.

Haikushika. Siku ya 11 kipimo cha damu cha mimba kimesoma chini ya mbili, yaani hakuna. Nimeshindwa kuandika wiki nzima.

Kijaluba

Ya Rabi. Pole sana shoga yangu.

Mkwajuni_Boy

Pole dada. Nauliza kwa nia njema, si namba zilikuwa nzuri zote?

Zamu_ya_Usiku

Pole sana BintFuoni. Kaka, zilikuwa nzuri. Ndilo nililosema kuhusu 3, na linakwenda pande zote mbili: mbaya haikunyimi na nzuri haikuhakikishii. Kiinitete kinaweza kuonekana kizuri kwenye kioo na ndani kromosomu zake, zile zinazobeba urithi, hazikukaa sawa, na hiyo ndo sababu kubwa ya kukosa, wala kizazi hakina kosa. Shamba likinyweshwa vizuri, mbegu mbovu haioti.

Asije mtu akamwambia alinyanyua ndoo.

MpembaWaWete

Au alipanda boti. Mie niliambiwa hivyo.

BintFuoni

Nimeambiwa yote mawili.

Daktari amenikalisha akasema kitu kipya, naomba Zamu unifafanulie. Amesema kwa kuwa hedhi yangu inakuja sawasawa, safari ya pili tusizime mayai. Tufuate mwezi wangu wenyewe, yai lipasuke lenyewe, ndipo wapandikize. Nikamuuliza kwa nini hukufanya hivyo mwanzo? Kasema ukweli wake: kwa dawa anaweza kunipangia tarehe, na mie natoka Unguja. Mwezi wa asili haupangiki, unaweza kuambiwa leo njoo keshokutwa. Halafu akauliza mama yangu alikuwa na presha ya mimba? Ndiyo, alikuwa nayo kwangu, walimtoa mapema. Akaandika.

Zamu_ya_Usiku

Daktari wako yuko makini. Yai likishapasuka, kile kifuko kilichobaki kinageuka rangi ya manjano na kuwa kiwanda. Kinatoa projesteroni na estrojeni, ndizo tunazoiga kwa vidonge. Lakini kinatoa na homoni nyengine, rilaksini, ambayo nayo inalegeza mishipa ya mama, na hiyo kwenye vidonge vyako haimo. Kwenye mzunguko wa kuzima mayai kifuko hakipo, mwili unaingia kwenye mimba bila hicho kiwanda. Tafiti za miaka ya karibuni, toka 2019 hivi, zimeona wanaoshika mimba bila kifuko cha manjano wanapata presha ya mimba zaidi ya wenye nacho. Uwezekano wa kushika mimba hautofautiani sana, tofauti iko mbele, mimba ikishakuwa. Kwa mtu ambaye mama yake alikuwa nayo, mie ningechagua hivyohivyo.

Kupimwa usivuke kila mara. Ongea naye, yai lifuatiliwe hapahapa mjini, picha zitumwe kwa simu, na vijiti vya mkojo, vile vya kuonyesha yai linakaribia kupasuka, ujipime mwenyewe nyumbani asubuhi. Unavuka mara moja, ya kupandikiza.

Na kitu kimoja zaidi, safari iliyopita ulikuwa unameza estrojeni nyingi. Ikimezwa inapita kwenye ini, inaongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda. Mtu akiona mguu mmoja umevimba na unauma, au kifua kinabana ghafla, hospitali. Nimelisahau kulisema mwanzo, nalisema sasa kwa wengine wanaosoma.

TibaBaridi

Dada ungekuja kwangu toka mwanzo.

Mkwajuni_Boy

Kaka pumzika.

BintFuoni (mrejesho wa pili)

Mwezi huu ndo wenyewe. Nimepimwa mjini mara tatu, kifuko cha yai milimita 18 Jumatatu, kijiti cha mkojo kimekoza Jumatano, jana altrasaundi imeonyesha limepasuka. Utando 9. Dopla sikuiomba, na daktari hakuitaja. Mkwe ndo aliyeuliza, "ile ya kufagia hawakupimi safari hii?"

Kiinitete ni cha Jumatano ijayo. Navuka Jumanne, mume wangu anakuja nyuma kwa boti ya jioni akitoka kazini. Wasiwasi wangu kusi limechafuka, juzi boti imerudi watu wote wametapika, na mie na mishumaa yangu na hali hii...

MpembaWaWete

Sie wa Pemba kusi tunalijua. Boti ya saa moja asubuhi, upepo haujaamka. Kaa chini, nyuma, katikati. Juu usipande hata wakikwambia kuna hewa.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Na ndimu mkononi, unusie. Barafu ya mishumaa uitie usiku, asubuhi utasahau.

BintFuoni

Nishaitia.